Paa la nyumba: Hesabu ya masika hufanywa kiangazi

IMEKUWA desturi kwa wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam kulikumbuka paa siku ile maji yanapodondokea kitandani. Siku hiyo kila fundi mwenye ngazi ana kazi. Aliyekuwa akibembeleza wateja mwezi Januari, sasa ndiye anayebembelezwa.

Kwa anayefuatilia soko la vifaa vya ujenzi, jambo hili halina siri. Mvua za masika katika ukanda wa pwani na mikoa ya kaskazini hunyesha kati ya Machi na Mei, na za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Mikoa kama Dodoma, Iringa na Mbeya ina msimu mmoja mrefu unaoanza Novemba na kuishia Aprili.

Mvua zikikaribia, mahitaji ya mabati, mbao, misumari na mafundi hupanda kwa pamoja. Anayesubiri tone la kwanza huingia dukani akiwa hana nafasi ya kulinganisha bidhaa wala ya kujadiliana bei. Kwa hiyo, kwa mkazi wa pwani, Januari na Februari ndiyo miezi ya kupanda ngazi, kukagua na kununua.

Wiki hii tunalitazama paa kama mfanyabiashara anavyolitazama gari lake la mizigo. Ni mali inayochakaa, ina gharama ya kila mwaka, na isipohudumiwa huharibu mali nyingine iliyo chini yake.

ULIZA MILIMITA, USIULIZE GEJI PEKE YAKE

Mnunuzi wa mabati hukutana kwanza na neno geji. Namba hii inakwenda kinyume: inavyokuwa ndogo ndivyo bati linavyokuwa nene. Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, na la geji 30 ni nene kuliko la geji 32.

Tatizo ni kwamba geji ina vipimo vya aina zaidi ya moja duniani, hivyo namba ileile yaweza kumaanisha unene tofauti kutoka kiwanda kimoja hadi kingine. Aidha, muhuri juu ya bati ni wino tu. Njia ya uhakika ni kuuliza unene kwa milimita, kuona alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na kudai risiti iliyoandikwa unene huo.

Mwenye shaka aombe mizani. Bati la mita 3 lililokunjwa kutoka kipande bapa chenye upana wa sentimita 91 lina uzito wa takriban kilo 8.6 ikiwa unene wake ni milimita 0.4. Likiwa na milimita 0.3, uzito hushuka hadi kilo 6.5 hivi.

Tofauti ya kilo 2 inaonekana ndogo mpaka ujumlishe. Chukua paa la mita za mraba 100, likipimwa juu ya mteremko. Bati la mita 3 linalofunika upana wa sentimita 76 baada ya kupandana na mwenzake, na linalopandana sentimita 15 kwenye urefu, hufunika mita za mraba 2.17 hivi. Paa hilo linahitaji mabati 47, bila kuhesabu vipande vya kukatwa pembeni.

Ukiuziwa milimita 0.3 kwa bei ya milimita 0.4, umelipia takriban kilo 100 za chuma ambazo hazipo juu ya nyumba yako. Hizo ndizo zinazokosekana kutu inapoanza kula.

Kagua pia hali ya bati kabla ya kulipakia. Mabati yaliyorundikwa yakiwa na unyevu katikati hufanya unga mweupe, ambao ni dalili kwamba zinki yake imekwisha kuanza kuliwa. Hata nyumbani, mabati yanayosubiri fundi yalazwe juu ya magogo, yainamishwe kidogo maji yachuruzike, na yafunikwe kwa namna inayoruhusu hewa kupita.

BEI YA DUKANI NA GHARAMA YA MWAKA

Bei ya dukani ni mwanzo tu wa hesabu. Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme bati nene lauzwa shilingi 100 na jembamba shilingi 75, na fundi hutoza shilingi 20 kila anapolipigilia. Tuseme pia kwamba jembamba litadumu miaka 10 na nene miaka 20.

Bati nene, pamoja na fundi, litagharimu shilingi 120 kwa miaka 20, yaani shilingi 6 kwa mwaka. Jembamba litagharimu shilingi 95 kwa miaka 10, yaani shilingi 9.50 kwa mwaka. Aliyeokoa robo ya bei dukani amelipa zaidi ya nusu juu ya gharama ya kila mwaka.

Msomaji aweke bei halisi za siku anayonunua na aone mwenyewe. Asiye na fedha za bati nene kwa nyumba nzima anaweza kununua kidogo kidogo wakati wa kiangazi, akihifadhi kama tulivyoeleza.

UKAGUZI WA NUSU SIKU

Kwa paa lililopo, kazi ya kwanza haihitaji fedha nyingi. Ingia ndani mchana wa jua kali, zima taa, utazame juu. Mahali panapopenya mwanga ndipo patakapopenya maji. Kwenye silingi bodi, alama za kahawia zinaonyesha palipovuja msimu uliopita, ingawa tundu lenyewe huwa juu zaidi kwenye mteremko, kwa sababu maji hutembea na mbao kabla ya kudondoka.

Juu ya paa, fundi atazame misumari kwanza. Msumari hupigwa kwenye mgongo wa bati na sio bondeni ambako maji hupita. Uliolegea ung'olewe, na mpya unene zaidi uwekwe pamoja na mpira wake. Kuugonga uleule urudi kwenye tundu lililopanuka ni kuahirisha tatizo hadi mvua ya pili.

Baada ya hapo zifuate kofia za juu ya paa, na bonde pale mapaa mawili yanapokutana. Majani ya mwembe na mwarobaini hukusanyika hapo, hushika unyevu, na bati huoza kutoka juu wakati mwenye nyumba anahangaika kutafuta tundu chini.

Kenchi na papi zichomwe kwa ncha ya bisibisi. Mbao ikiingia kama mkate, imekwisha. Hakuna bati litakaloshika juu yake. Wakati wa kubadilisha, mbao iliyotiwa dawa ya mchwa hugharimu zaidi, lakini ni nafuu kuliko kupaua upya.

Kuna sheria moja ya usalama isiyo na mjadala. Anayepanda akanyage kwenye mistari ya misumari, ambako kuna papi chini, na asipande bati likiwa na unyevu wala karibu na waya wa umeme.

WALIO KARIBU NA BAHARI

Mkazi wa Kigamboni, Msasani au Kunduchi ana mzigo wa ziada. Hewa ya chumvi hula zinki haraka kuliko hewa ya bara. Mabati yenye mchanganyiko wa asilimia 55 ya alumini, huku sehemu kubwa iliyobaki ikiwa zinki, kwa kawaida huhimili vizuri zaidi kuliko yale yenye zinki peke yake. Hata hivyo nayo hayapendi kugusana na saruji mbichi wala shaba, hivyo mwashi asiache rojo juu yake.

Sehemu za chini ya mapaa ambazo mvua haziziogeshi ndizo hukusanya chumvi. Kuziosha kwa maji baridi kila baada ya miezi michache ni huduma rahisi kuliko zote.

Pwani, upepo wa kusi huanza kushika kuanzia Aprili, katikati ya masika. Fundi anayepigilia mabati apange mapandano ya ubavuni yatazame upande usiopigwa na upepo huo, la sivyo mvua itasukumwa chini ya bati hata kama hakuna tundu.

NANI ALIPE?

Suala linaloleta magomvi mengi ni la nyumba ya kupanga. Mpangaji aliyekwisha lipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima hana cha kushikilia maji yanapoanza kuingia. Akitengeneza kwa fedha zake bila makubaliano, anaweza kukosa kurejeshewa.

Njia ya busara ni kuandika kwenye mkataba nani anahudumia paa, ndani ya siku ngapi baada ya taarifa, na kama mpangaji akilipa, kiasi gani kitakatwa kwenye kodi inayofuata. Karatasi moja iliyotiwa sahihi mwezi Januari huokoa safari nyingi za serikali ya mtaa mwezi Aprili.

Kwa mwenye duka hatari ni kubwa zaidi. Mfuko wa saruji uliolowa huganda, sukari huyeyuka, na unga hauuziki. Tundu moja la msumari laweza kumaliza faida ya mwezi kwa usiku mmoja. Asitegemee bima kumwokoa bila kusoma masharti, kwani mikataba mingi haifidii hasara iliyotokana na uchakavu au kukosa matengenezo.

MAJI NAYO NI MALI

Paa zuri pia huingiza. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba inayofunika mita za mraba 90 za ardhi, ikipata mvua ya milimita 25, hupokea lita 2,250. Hata ukikinga asilimia 80 tu, ni lita 1,800, sawa na ndoo 90 za lita 20. Anayenunua maji kwa ndoo afanye hesabu hiyo kwa bei ya mtaani kwake, kisha aulize bei ya gata na tangi.

Utabiri wa msimu hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) kabla ya mvua kuanza. Ni vyema kuusikiliza, lakini paa lisisubiri utabiri. Msimu ukiwa wa wastani au wa juu, tundu ni lilelile.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye nyumba wa leo ufa huo uko juu, na misumari ya kuuziba bei yake ni ndogo kuliko ya silingi bodi, godoro na gunia moja la sukari.