Kabla Mradi Haujaanza, Sema Neno Lako

Mkulima wa Tarasaa, huenda siku moja ukaona wageni wakipima ardhi karibu na shamba lako. Watakuambia ya kuwa mradi unakuja: mfereji wa kumwagilia, shamba kubwa la miwa, au kiwanda. Usikimbilie kuukataa, wala usikimbilie kuukubali. Kwanza uliza: Je, athari zake zimepimwa?

Maana ya kupima athari

Kupima athari ni kuchungua faida na hasara za mradi kabla ya kazi kuanza. Wewe unayelima kando ya Mto Tana wajua ya kuwa kazi ya mbali yaweza kukufikia. Bwawa la Masinga lilimalizika mwaka 1981, nalo liko mbali sana juu ya mto. Lakini maji na udongo vikizuiwa huko juu, shamba la huku chini hukosa mafuriko na rutuba yake.

Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 yamtaka mwenye mradi mkubwa apeleke taarifa kwa Mamlaka ya mazingira, NEMA, ili apate leseni. Taarifa hiyo huandikwa na wataalamu waliosajiliwa. Haitazami maji, udongo na wanyama peke yake, bali pia watu: mashamba, malisho, visima, afya na kazi. Tena hapana budi ieleze jinsi madhara yatakavyopunguzwa.

Wataalamu hao hulipwa na mwenye mradi. Tena hawajui malka ambayo mifugo hupita kwenda mtoni, wala mahali maji yanaposimama baada ya mvua. Wewe wajua. Kwa hiyo kanuni za mwaka 2003 ziliagiza matangazo yabandikwe hadharani, yatolewe gazetini na katika redio, na mikutano isiyopungua mitatu ifanywe na watu watakaoguswa na mradi.

Jambo lililotokea Lamu

Mwaka 2016 leseni ilitolewa ya kujenga kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe huko Kwasasi, Lamu, cha megawati 1,050. Wananchi walikata rufaa. Mwezi wa Juni 2019 baraza la taifa linaloamua mashauri ya mazingira liliifuta leseni hiyo. Mikutano ilikuwa imefanywa, lakini ilikuwa ya kuutambulisha mradi tu. Baada ya uchunguzi kwisha, watu hawakuelezwa ipasavyo yaliyoonekana, wala hawakupewa nafasi ya kuyajibu.

Basi ujue ya kuwa kuhudhuria mkutano na kutia sahihi si sawa na kuulizwa shauri.

Yakupasayo kufanya

Kwanza, nenda mkutanoni. Andika tarehe na ahadi zilizotolewa. Ukiletewa karatasi ya kutia sahihi, uliza ni ya nini.

Pili, uliza taarifa yenyewe iko wapi, na uombe isomwe kwa lugha unayoielewa. Si siri, raia ana haki ya kuitazama.

Tatu, toa maoni yenye ushahidi. Usiseme tu, "Mradi ni mbaya." Sema, "Mfereji huu utakata njia ya ng'ombe. Kisima hiki chatumiwa na jamaa kadha wa kadha wakati wa kiangazi." Mkulima na mfugaji wakisema pamoja, neno lao huwa zito.

Nne, peleka maoni yako kwa maandishi kabla ya siku ya mwisho iliyotajwa katika tangazo, na uweke nakala. Leseni ikitolewa nawe huridhiki, rufaa ipo. Lakini usikawie, kwa maana siku zake zina hesabu.

Mradi mwema hauogopi maswali. Huenda maswali yako yakausogeza mfereji hatua mia tu, na hatua hizo zikaokoa shamba lako. Uliza sasa, kwani maji yakimwagika hayazoleki.