Transista mbili tu, kumbukumbu hiyo!

Umekaa kwenye kompyuta, barua yako ya kuomba kazi imefika ukurasa wa pili, mara paap! umeme umekatika. Ukirudi, barua haipo! Si uchawi huo, wala si virusi. Kompyuta imesahau tu. Huamini? Tengeneza kumbukumbu yako mwenyewe nyumbani, uone inavyosahau.

Vifaa havitakutoa jasho. Pita kwa fundi redio wa mtaani, msalimie vizuri, kisha muombe transista 2 za BC547, rizista 2 za omu 470 na nyingine 2 za kilo-omu 22, taa 2 za LED nyekundu, swichi 2 za kubonyeza na nyaya. Ongeza betri 4 za tochi, jumla volti 6. Umeme wa ukutani usiuguse kabisa!

Haya, kazi ianze. Geuza uso bapa wa transista ukuelekee, miguu chini: kushoto kolekta, katikati beisi, kulia emita. Emita zote ziende hasi ya betri. Kila kolekta iunge na mguu mfupi wa LED. Mguu mrefu upitie rizista ya 470 hadi chanya. Siri yenyewe ni hii: rizista ya kilo-omu 22 itoke kolekta ya huyu iende beisi ya mwenzake, na ya mwenzake ije kwa huyu. Kila swichi ikae kati ya beisi na hasi.

Washa. Taa moja inawaka, ya pili inazima au inafifia. Kumbe anayewaka anambana mwenzake! Bonyeza swichi ya anayewaka, achia: taa inahama na kubaki hukohuko. Hiyo ndiyo biti 1.

Ujanja huu waliubuni Waingereza wawili, Eccles na Jordan, mwaka 1918 kwa kutumia valvu. Transista ilikuja mwaka 1947, Bell Labs, Marekani. Herufi moja hula biti 8, kwa hiyo kukumbuka neno "MAMBO" tu kutakudai transista 80!

Sasa chomoa betri, rudisha. Taa itakayowaka huenda si ile uliyoiacha. Imesahau! RAM ya kompyuta nayo ndivyo ilivyo: bila umeme, kichwa kitupu. Siku hizi programu nyingi hujihifadhia zenyewe, lakini si zote. Kwa hiyo, mpenzi msomaji, kila mistari miwili mitatu, hifadhi. Umeme hauna rafiki.