Vitabu Adimu vya Vita Vinavyochapwa Upya

Kitabu huitwa adimu pale mchapishaji anapoacha kukitoa na nakala zilizobaki zikawa chache kuliko watu wanaozitafuta. Vitabu vya historia ya vita hufikia hali hiyo mapema. Historia za vikosi, kumbukumbu za makamanda na taarifa rasmi za mapigano zilichapwa kwa wasomaji waliojulikana tangu mwanzo: maofisa, familia za wanajeshi, vyuo vya kijeshi na maktaba za serikali. Nakala zilipokwisha, hapakuwa na faida ya kuwasha mtambo mara ya pili.

Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki inaonyesha vizuri jambo hili. Historia rasmi ya Uingereza kuhusu vita hivyo, iliyoandaliwa na Charles Hordern kutokana na rasimu ya Meja Stacke, ilitoka mwaka 1941, katikati ya vita vingine. Juzuu hilo la kwanza linaanzia Agosti 1914 na kuishia Septemba 1916. Juzuu la pili halikuchapishwa kamwe, ingawa mapigano yaliendelea hadi Novemba 1918, yakipitia Rufiji, Mahiwa na Msumbiji. Atakayefuatilia miaka hiyo ya mwisho hulazimika kusoma vitabu vingine vya zamani: kumbukumbu za Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, zilizotoka kwa Kiingereza mwaka 1920, kitabu cha Fendall kuhusu jeshi la Waingereza, cha mwaka 1921, na historia ya King's African Rifles, jeshi la Keya, iliyoandikwa na Moyse-Bartlett na kuchapwa Aldershot mwaka 1956. Nakala ya asili ya kitabu cha Hordern, ikiwa na ramani zake zote, huweza kuuzwa kwa mamia ya pauni.

Pengo hilo limezibwa na wachapishaji wachache wanaojihusisha na vitabu vya kijeshi tu. Marekani, Battery Press ya Nashville ilirudisha sokoni historia nyingi rasmi za Vita Kuu ya Kwanza. Uingereza, Naval & Military Press ilianza kazi mwaka 1991, na katika orodha yake mna vitabu vya Hordern na Moyse-Bartlett.

Nakala hizo mpya huuzwa kwa bei nafuu kuliko za asili, na unafuu huo una sababu zake. Kurasa za zamani hupigwa picha, kwa hiyo hakuna gharama ya kupanga herufi upya wala ya kumlipa mhariri. Jalada gumu la kitambaa hubadilishwa na la karatasi. Zaidi ya yote, uchapaji wenyewe umebadilika. Zamani mchapaji alihitaji kutoa mamia ya nakala kwa mkupuo ili gharama ya kuandaa mabamba irudi, kisha azihifadhi ghalani akisubiri wanunuzi. Tangu miaka ya 1990, mitambo ya kidijitali inaweza kuchapa nakala moja baada ya mteja kulipa. Kampuni ya Lightning Source, iliyoanzishwa Tennessee mwaka 1997, ni miongoni mwa zilizoeneza mtindo huo. Kwa njia hiyo, kitabu chenye wanunuzi kumi kwa mwaka hakimtii tena mchapishaji hasara.

Jambo la kuangalia kabla ya kuchapa ni hakimiliki, na hesabu yake hutofautiana kati ya nchi na nchi. Kwa maandishi ya serikali yaliyochapishwa, Uingereza huhesabu miaka 50 tangu kitabu kitoke, hivyo kitabu cha Hordern kimekuwa huru nchini humo tangu 1992. Kwa mwandishi wa kawaida, Uingereza na Ujerumani huhesabu miaka 70 baada ya kifo chake, ilhali sheria ya Kenya ya mwaka 2001 huhesabu 50. Lettow-Vorbeck alifariki mwaka 1964. Maandishi yake yatalindwa Ujerumani hadi mwisho wa 2034, lakini kwa kipimo cha Kenya muda wake ulikwisha mwaka 2014. Tafsiri huhesabiwa peke yake, kwa kuwa mfasiri naye ana haki yake.

Nakala zinazouzwa si za aina moja. Iliyo bora ni nakala-picha: kila ukurasa uko kama ulivyokuwa, na namba za kurasa hazikubadilika, hivyo mtafiti anaweza kuurejelea ukurasa uleule ambao wenzake wameutaja kwa miaka mingi. Aina ya pili hupangwa upya kwa herufi mpya. Husomeka kwa urahisi, ila mpangilio wa kurasa hubadilika. Ya tatu ni maandishi yaliyosomwa na kompyuta kutoka kwenye picha na kuchapwa bila mtu kuyahakiki. Hapo tarakimu hugeuka na majina ya mito na vijiji huharibika, na katika historia ya vita tarehe, namba ya kikosi na jina la mahali ndizo habari zenyewe.

Ramani zinahitaji uangalifu wa pekee. Vitabu vya asili vilikuwa na ramani kubwa za kukunja, zenye mistari ya rangi iliyotenganisha pande zilizopigana. Ikipunguzwa kutoshea ukurasa mmoja na kuchapwa kwa rangi nyeusi tu, ramani huacha kuonyesha nani alikuwa wapi. Mnunuzi makini huuliza kama ramani, viambatisho na fahirisi vimo, na kama kurasa zote zipo.

Kuchapa upya hurudisha pia mtazamo wa waandishi wa kwanza, ambao wengi walikuwa maofisa wa Kizungu. Wapagazi wa vita vya Afrika Mashariki, waliokufa kwa makumi ya maelfu kwa maradhi na njaa, hupewa nafasi ndogo katika vitabu hivyo. Kitabu cha Geoffrey Hodges kinachowahusu kilitoka Marekani mwaka 1986, kisha Nairobi University Press ikakitoa Nairobi mwaka 1999 kwa jina la Kariakor, karibu na wajukuu wa wapagazi wenyewe.

Vitabu vya Kiswahili bado vimeachwa nyuma katika biashara hii. Utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy kuhusu Wajerumani walivyoitwaa Mrima, unaosimulia vita vya Abushiri vya 1888 na 1889, ulipata toleo la pili mwaka 1960 kupitia East African Literature Bureau. Shirika hilo lilivunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Anayetaka kuuchapa tena utenzi kama huo hana budi kwanza kupata nakala safi isiyopungua ukurasa, kisha kubaini nani alirithi haki za mhariri na mchapishaji. Hayo yakikamilika, mtambo uleule unaotoa nakala moja ya historia ya jeshi la Keya unaweza kutoa nakala moja ya utenzi.