Picha Moja na Ile Inayoifuata: Njia ya Kufundishia Misingi ya Utengenezaji wa Filamu

Somo la utengenezaji wa filamu katika vyuo vyetu lina desturi moja ambayo yafaa iangaliwe upya. Aghalabu mkufunzi huanza na chombo. Wanachuo huonyeshwa kamera, hutajiwa sehemu zake, huandika daftarini maana ya lenzi na fremu, kisha siku ya vitendo hukabidhiwa chombo hicho na kuambiwa waende wakapige picha. Hurudi na picha nyingi, lakini filamu hawarudi nayo. Siku hizi, ambapo wanachuo wengi huingia darasani na kamera ndani ya simu zao, wingi huo wa picha umezidi kuliko zamani, na filamu bado haipo.

Katika makala haya tunakusudia kueleza njia nyingine, ambayo haianzi na chombo bali na kiungo, yaani mahali ambapo picha moja hukoma na nyingine ikaanza. Tunaamini kwamba jambo la kwanza ambalo mwanachuo wa masomo ya habari anapaswa kulitambua ni tofauti iliyopo kati ya yale anayoyajua yeye na yale yaliyomo katika picha yake. Tofauti hiyo hudhihirika upesi zaidi kwenye kiungo kuliko mahali pengine popote.

Yafaa turudi nyuma kidogo. Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, walionyesha filamu fupi kumi mbele ya watu waliolipa kiingilio katika mkahawa wa Grand Café mjini Paris. Hakuna hata moja iliyotimiza dakika nzima. Mojawapo iliwaonyesha wafanyakazi wakitoka katika kiwanda cha akina Lumière mjini Lyon. Kamera iliwekwa mahali pamoja, mpini ukazungushwa kwa mkono, ukanda ukaisha, na kazi ikawa imekwisha. Hapakuwa na kiungo chochote. Wanachuo wengi wa leo hufanya kazi ya mwaka 1895 bila kujua, ila wao huifanya kwa dakika ishirini badala ya moja. Na hapana shaka akina Lumière, ambao ukanda mfupi uliwalazimu kuchagua, walichagua vizuri zaidi.

Mwalimu wa kwanza aliyekifanya kiungo kuwa somo la darasani alikuwa Lev Kuleshov, aliyezaliwa mwaka 1899 na kuanza kufundisha katika chuo cha filamu cha Moscow kilichofunguliwa mwaka 1919. Nchi ilikuwa vitani na ukanda wa filamu ulikuwa adimu mno. Kwa hiyo wanafunzi wake waliigiza jukwaani filamu ambazo hazikupigwa picha, wakizigawanya kana kwamba kamera ipo, na walikata na kuunga upya filamu za zamani. Katika jaribio lake mashuhuri alichukua uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin kutoka filamu ya zamani, akauunga na bakuli la supu, kisha na jeneza, kisha na picha ya tatu ambayo wasimulizi hawakubaliani ilikuwa ya nini, kwani jaribio lenyewe halikuhifadhiwa. Watazamaji, kama inavyosimuliwa, waliona njaa, wakaona huzuni, wakamsifu mwigizaji kwa ustadi wake. Uso ulikuwa ule ule.

Jaribio hili linaweza kurudiwa darasani kwa saa moja na simu moja. Mwanachuo mmoja apigwe picha ya uso kwa sekunde tano, akitazama pembeni, bila kucheka wala kununa. Kisha zipigwe picha tatu: sahani ya wali, orodha ya matokeo ya mtihani iliyobandikwa ukutani, na mtoto aliyelala. Uso uungwe na kila moja. Darasa ligawanywe mafungu matatu, kila fungu lione kiungo kimoja tu, na kila mtu aandike anachofikiri mtu yule anahisi. Majibu yakisomwa kwa sauti, mjadala hujiendesha wenyewe. Pengine fungu moja halitaona chochote. Hilo lisimsumbue mkufunzi, maana lina faida kubwa: mara nyingi itaonekana kwamba mtu alitazama kulia hali sahani imepigwa kana kwamba ipo kushoto kwake, au kwamba uso una mwanga wa jua na orodha ina mwanga wa taa. Watazamaji hawakuamini kwamba picha hizo mbili ni za mahali pamoja.

Zoezi la pili ndilo lenye uzito, nasi tungependa lipewe majuma mawili kamili. Kila kikundi kimtafute fundi baiskeli, kimwombe ruhusa na kumlipa kwa muda wake, kisha kitengeneze filamu inayoonyesha namna ya kuziba pancha, bila neno lolote la maelezo. Kazi hii ina sifa kadhaa. Fundi hapatikani mbali na chuo. Kazi yake ina mwisho usiobishaniwa, kwani tairi ama limejaa ama halikujaa. Tena imo hatua moja ambayo haionekani kwa mbali hata kidogo. Fundi huutoa mpira wa ndani, huujaza upepo, kisha huuzungusha ndani ya besheni la maji mpaka viputo vitoke. Viputo hivyo ndivyo habari yote. Asiyeviona hajui kwa nini mkono wa fundi umesimama ghafla, wala kwa nini kiraka kimebandikwa pale na si pengine.

Kikundi kisichoandaliwa husimama hatua tatu kutoka kwa fundi na kupiga picha moja ndefu ya kazi nzima. Wageni wakionyeshwa, husema wamemwona mtu aliyechutama akihangaika na gurudumu. Wapigaji wenyewe hushangaa. Wao walikuwapo, waliviona viputo, waliusikia mlio mwembamba wa hewa. Kwa hiyo kila waitazamapo picha yao huviona tena, ingawa havimo. Hapa mkufunzi hupata nafasi ambayo hotuba ya saa mbili isingempa.

Kikundi kirudi kwa fundi, safari hii bila kamera. Kitazame kazi kutoka mwanzo hadi mwisho na kuandika hatua zake. Kisha kwa kila hatua kijiulize mtazamaji anahitaji kuona nini na kutoka umbali gani. Picha ya mbali hueleza mahali: mti, benchi, baiskeli iliyopinduliwa, mteja anayengoja. Picha ya kati huonyesha mtu na kazi ya mikono yake. Picha ya karibu huonyesha kitu ambacho bila ukaribu huo kisingejulikana. Mwanachuo asiruhusiwe kusema kwamba alipiga picha ya karibu kwa kuwa inapendeza. Aseme ilikuwa na kazi gani.

Baada ya hapo wachore kila picha katika kisanduku kidogo, hata kama uchoraji wao ni duni, na kuipanga mikato. Tuchukue mkato wa viputo. Kwanza fundi anaonekana kwa picha ya kati akiinamia besheni, macho yake majini. Mkono unaanza kuuzamisha mpira. Kabla haujafika, picha inakatwa. Katika picha ya karibu mkono ule ule unamalizia kuingia majini, mpira unazunguka polepole, viputo vinatoka, kidole kinabana pale pale. Jicho la mtazamaji hufuata mwendo wa mkono na halitambui kwamba picha imebadilika. Kwa sababu hiyo fundi ataombwa arudie tendo hilo mara mbili, na wanachuo wachunge kwamba ni mkono ule ule, upande ule ule, na jua halijahama. Kamera iwashwe sekunde tatu kabla ya tendo na izimwe sekunde tatu baadaye, vinginevyo mhariri hatakuwa na mahali pa kukata.

Lipo pia suala la muda. Kazi yenyewe huenda ikachukua robo saa, na filamu tunaitaka isizidi dakika tatu. Dakika zilizosalia zitakwenda wapi? Solusheni ikishapakwa huachwa ikauke kidogo kabla ya kiraka kubandikwa, na hakuna mtazamaji atakayekubali kuitazama ikikauka. Kamera imgeukie mteja aliye kwenye benchi kwa sekunde nne. Ikirudi, solusheni imekauka. Wanachuo hufurahia sana ugunduzi huu, wakaanza kumgeukia mteja kila wanapokwama. Mkufunzi awe macho.

Kanuni ya mstari huwasumbua wengi inapofundishwa kwa michoro ya ubaoni, lakini kila aliyewahi kutazama mpira katika televisheni anaijua tayari. Kamera kuu za mchezo huwekwa upande mmoja wa uwanja. Timu inayoshambulia kuelekea kulia huendelea kwenda kulia katika kila picha, iwe ya mbali au ya karibu. Ingekatwa ghafla picha iliyopigwa kutoka upande wa pili, mchezaji yule yule angeonekana akikimbilia goli lake mwenyewe. Kati ya fundi na mteja wake wanaozungumza umo uwanja wa namna hiyo, na mstari hupita kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Kamera ikae upande mmoja wa mstari huo. Hakuna zaidi ya hayo.

Kuhusu mwanga, tutaje jambo moja ambalo vitabu vya kigeni hulipita haraka. Kamera ya simu, ikiachwa ijipimie yenyewe, mara nyingi huufuata mwanga wa picha nzima. Mtu mweusi akisimamishwa mbele ya ukuta mweupe au mlango ulio wazi, kamera hupunguza mwanga kwa ajili ya ukuta, na uso wake hutoka giza tupu. Tatizo hili lina historia. Kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1950 maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke wa Kizungu, zilizojulikana kwa jina la kadi za Shirley, na ngozi nyeusi haikuwa kipimo cha mtu yeyote. Mwanachuo aguse uso kwenye kioo cha simu ili kamera ipime pale, au amgeuze mtu wake aelekee mlangoni badala ya kuupa mlango mgongo. Sauti nayo ina dawa rahisi: simu ya pili iwekwe karibu na kinachosikika, kando ya besheni au katika mfuko wa shati la msemaji, maana kamera iliyo mbali huokota upepo na pikipiki kwanza.

Inatupasa sasa kugusa fundisho lililowahi kuenezwa katika ardhi yetu wenyewe. Kati ya mwaka 1935 na 1937 mradi mmoja wa filamu za elimu ulikuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, ukatengeneza filamu 35 na kuzionyesha Afrika Mashariki na ya Kati. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ilianzisha idara ya filamu za makoloni, na mkuu wake, William Sellers, alishikilia kwamba Mwafrika asiyesoma hawezi kufuata mikato ya haraka, kwa hiyo atengenezewe filamu za polepole zisizo na ufundi mwingi. Watu wa mkondo huo walipenda kusimulia habari za wanakijiji walioonyeshwa mbu aliyekuzwa, wakasema kwamba kwao hakuna hatari, kwani mbu wa huko si wakubwa hivyo. Hatujui kama wanakijiji hao, ikiwa walikuwapo, hawakuwa wakimtania mgeni. Lakini tuchukue kwamba kisa ni cha kweli. Mwanachuo aliyekwisha kupiga viputo vya fundi ataliona tatizo mara moja: mbu alionyeshwa peke yake, bila kidole, bila mkono, bila kitu chochote cha kumlinganisha naye, na bila picha iliyotangulia ya mbu huyo akitua juu ya ngozi ya mtu. Kiungo kilikosekana, nao wenye filamu wakawalaumu watazamaji. Kauli ya namna hiyo bado husikika katika vyumba vya uhariri, mara nyingi kuhusu watu wa vijijini.

Hata hivyo, mkato si wajibu. Abbas Kiarostami alipotengeneza filamu yake ya kwanza mjini Tehran mwaka 1970, habari za mtoto aliyebeba mkate na kukutana na mbwa uchochoroni, mpigapicha wake mzoefu alitaka tukio la mtoto na mbwa ligawanywe vipande. Kiarostami alikataa, akataka wote wawili waonekane katika picha moja isiyokatwa, ingawa ilibidi kungoja sana mpaka mbwa akubali. Alikuwa na sababu: hofu ya mtoto imo katika umbali unaopungua kati yake na mbwa, na mkato ungeuficha umbali huo. Wanachuo waionyeshwe filamu hiyo, isiyo ndefu, baada ya zoezi la pancha na si kabla yake. Wakiiona mapema wataitumia kutetea uvivu.

Kwa darasa la watu arobaini, vikundi vya watu watano na simu moja kwa kila kikundi vinatosha. Tunashauri picha zisizidi kumi na mbili na filamu isizidi dakika 2 na sekunde 45, kiasi ambacho ukanda wa futi 100 wa milimita 16 uliwapa wanafunzi wa zamani kabla haujaisha ndani ya kamera. Filamu ionyeshwe kwa watu wa darasa jingine wasioijua kazi hiyo. Waliotengeneza wakae nyuma wakiwa kimya. Mmoja wa watazamaji asimame aeleze, hatua kwa hatua, namna ya kuziba pancha, na mkufunzi aandike ubaoni kila hatua iliyorukwa au iliyogeuzwa. Alama zitolewe kwa orodha hiyo kwanza, uzuri wa picha uje nyuma yake. Kikundi ambacho hatua zake zimepotea kisiruhusiwe kujitetea kwa maneno. Kipewe siku tatu kupiga picha iliyokosekana na kuiunga mahali pake. Kwa fundi, siku tatu hazipiti bila pancha nyingine kuletwa.