Kazi ya Mpiga Picha

Kuwa na kamera si kuwa mpiga picha, kama vile kushika jembe si kulima. Mpiga picha wa habari huishi kwa kuuza kazi yake, na picha iliyochelewa haina mnunuzi. Marehemu Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, alianzisha shirika lake la picha, Camerapix, huko Dar es Salaam mwaka 1963, angali kijana. Mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia zilionyeshwa katika nchi nyingi, na misaada ikamiminika. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa ulimpotezea mkono wa kushoto. Akatiwa mkono wa bandia, akarudi kazini. Basi kijana atakaye kazi hii na aupime kwanza moyo wake, ndipo aulize bei ya kamera.