Mto Kongo: Rekodi za Maji na za Watu Wanaoishi Kandoni

Mto wenye kina kirefu kuliko yote duniani uko Afrika. Ni Mto Kongo, na kina hicho kiko kwenye mkono wake wa mwisho, kati ya Kinshasa na bahari, ambako wapimaji wamekuta maji ya zaidi ya mita 220. Huko chini anaishi samaki mdogo mweupe asiyeona, ambaye wataalamu humwita Lamprologus lethops. Wavuvi humpata akiwa amekufa au anakata roho, kwa sababu mikondo humpandisha ghafla kutoka kwenye mgandamizo mkubwa wa maji na mwili wake haustahimili.

Kwa wingi wa maji, ni Amazon tu inayoutangulia. Kila sekunde Kongo humwaga baharini wastani wa mita za ujazo 41,000. Nile huushinda kwa urefu, lakini maji yake hayafikii hata sehemu ya kumi ya hayo. Tena, katika mito mikubwa ya dunia, ni huu peke yake unaokata ikweta mara mbili: kwanza ukielekea kaskazini kati ya Ubundu na Kisangani, kisha ukirudi kusini karibu na Mbandaka. Mvua za upande mmoja zikikatika, za upande wa pili huwa zimeanza, ndiyo maana mto huu haukauki.

Msomaji wa Kiswahili ana deni na sehemu ya juu, iitwayo Lualaba, yenye Kasongo, Nyangwe, Kindu na Ubundu. Kiswahili kilifika huko na misafara ya pembe za ndovu na watumwa, na tusilifiche hilo. Julai 15, 1871, mpelelezi Livingstone akiwa Nyangwe aliona watu wa wafanyabiashara wa misafara hiyo wakifyatulia risasi umati sokoni. Mamia walikufa, wengi wao wanawake, na wengine walizama mtoni wakijaribu kukimbia. Miaka mitano baadaye mpelelezi mwingine, Stanley, alipita hapohapo akisindikizwa na mfanyabiashara wa misafara hiyo, Tippu Tip. Leo Nyangwe ni kijiji kidogo, ilhali Kiswahili ndicho lugha ya mkoa mzima wa Maniema.

Kati ya Ubundu na Kisangani kuna maporomoko saba ya Boyoma, yaliyotawanyika kwa zaidi ya kilomita 100. Hayana kimo cha kutisha, lakini kwa wingi wa maji huhesabiwa miongoni mwa makubwa kabisa duniani. Kwenye poromoko la mwisho, mlangoni mwa Kisangani, wanaishi Wagenia. Wao huchomeka magogo marefu kwenye matundu ya mwamba katikati ya maji yanayochemka, huyafunga kwa kamba za mwituni, kisha huning'iniza madema makubwa yenye midomo mipana. Samaki akisukumwa na mkondo huingia ndani na hawezi kugeuka. Mvuvi hulifuata dema akitembea juu ya magogo yaliyolowa. Kwangu mimi, hakuna ufundi mwingine kandoni mwa mto huu unaoufikia huo.

Kutoka Kisangani matishari na mashua huteremka kilomita 1,700 hivi bila kizuizi hadi Kinshasa, jiji linalozungumza Kifaransa lenye watu wengi kuliko yote duniani, Paris ikiwemo. Ng'ambo iko Brazzaville. Ukiacha Roma na Vatikani, hakuna miji mikuu miwili iliyokaribiana hivyo. Hata hivyo hakuna daraja kati yake. Watu huvuka kwa boti. Januari 2024 maji yalipanda Kinshasa hadi mita 6.20, pungufu kidogo tu ya rekodi ya 1961 ya mita 6.26, yakaingia katika nyumba nyingi.

Kati ya Kinshasa na Matadi mto haupitiki kwa meli. Ndiyo sababu ya reli ya Matadi, iliyokamilika 1898 kwa gharama ya uhai wa vibarua wengi. Daraja la Matadi la 1983 ndilo pekee linalouvuka mto kuanzia Kisangani hadi baharini. Hata ukifika baharini mto hautulii: Januari 2020, baada ya mafuriko makubwa, poromoko la tope lilikimbia kwenye korongo la chini ya bahari kwa zaidi ya kilomita 1,100, refu kuliko yote yaliyowahi kupimwa, likakata nyaya za intaneti za pwani ya magharibi.

Rekodi inayonikera ni ya maporomoko ya Inga, kati ya Kinshasa na Matadi. Hapo pangeweza kuzalishwa megawati zipatazo 40,000, karibu mara mbili ya bwawa la Three Gorges la China. Mabwawa mawili yaliyopo hayafikii hata 1,800. Laini iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupeleka umeme kwenye migodi ya Katanga, kilomita 1,700 hivi, ilikuwa ndefu kuliko zote duniani kwa wakati wake. Ilipita juu ya vijiji vingi bila kuwashia taa hata moja, na hadi leo ni kama Mkongomani mmoja kati ya watano mwenye umeme nyumbani. Wanaopanga bwawa la tatu la Inga waanze na vijiji hivyo kabla ya kuuza megawati nje.