Bima ya afya ifuate msimu wa korosho

Mkulima wa Masasi au Newala haishi kwa mshahara, anaishi kwa msimu. Minada ya korosho huanza Oktoba, malipo huingia benki kuelekea mwisho wa mwaka, na masika yanapokolea kaya nyingi zimekwisha kulipa ada, madeni na chakula. Ndiyo maana uwezo wa kumudu bima haupimwi kwa ukubwa wa mchango peke yake. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulitoza Sh30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na bado wengi vijijini walibaki nje. Sasa kifurushi cha msingi cha Bima ya Afya kwa Wote, chini ya sheria ya 2023, ni Sh150,000 kwa kaya kama hiyo. Kilo ikiuzwa Sh3,000, mchango huo ni kilo 50 za korosho ghafi; bei ikishuka hadi Sh2,000, ni kilo 75. Desemba kilo hizo ziko ghalani. Aprili hazipo, na malaria haingoji mnada.

Anayeugua kipindi hicho bila kadi hutibiwa kwa kangomba: anauza korosho za msimu ujao ambazo hazijavunwa, kwa bei ya kutupa, ili apate fedha ya leo. Hasara hiyo haionekani katika hesabu za hospitali, lakini kwa maoni yangu ndiyo gharama kubwa kuliko zote za kukosa bima, kwa sababu inakula mavuno yajayo. Njia ya kuizuia ipo tayari. Kwa bima ya afya, mtumishi wa umma hukatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri wake huongeza 3, bila yeyote kupanga foleni. Chini ya stakabadhi ghalani, kila kilo inayopita chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) huandikwa, na mauzo husimamiwa na vyama vikuu, MAMCU upande wa Masasi na TANECU upande wa Newala. Mchango ukatwe hapo, kwa ridhaa ya mkulima, siku fedha inapotoka.

Watasema makato yamezidi, na wana haki. Mkulima amechoka kuona tozo ambazo hajui ziendako. Lakini kato hili lingerudi kwake likiwa kadi yenye majina ya watu wa nyumbani mwake. Pingamizi zito zaidi ni bei. Mwaka 2018 wanunuzi walisusa minada, Serikali ikatangaza kununua kwa Sh3,300 kwa kilo, na malipo yakachelewa kwa wengi. Kiwango kisichobadilika kingewaumiza mwaka kama huo, hivyo bora ikatwe asilimia ya mauzo, na pengo lijazwe na mfuko wa umma. Kenya inatoza asilimia 2.75 ya kipato kwa bima ya afya, ila wasio na ajira rasmi walitakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo, na wengi wao hawalipi. Tusirudie hilo huku mnada wetu ukitupa nafasi ya kukata kidogo kidogo.

Wapo wasio na mikorosho: mama lishe, vijana wa bodaboda, wajane waliogawiwa shamba dogo. Hao hawafikiwi na AMCOS. Kwa maskini kabisa, orodha za TASAF ni mahali pa kuanzia, na sheria ya 2023 yenyewe imetaja vyanzo kama ushuru wa vinywaji na kodi ya michezo ya kubahatisha. Fedha hizo zitengwe zisiguswe kwa kazi nyingine.

Hata hivyo, hakuna atakayeridhia kukatwa iwapo zahanati itampa karatasi ya kwenda kununua dawa dukani. Hospitali za Mkomaindo, Ndanda na Ligula haziwezi kubeba wagonjwa wote ambao kijiji kimeshindwa kuwahudumia. Kwa hiyo sehemu ya makato ya kila AMCOS ielekezwe kununua dawa za zahanati ya eneo lake kabla ya mvua kuanza, na hesabu yake isomwe kwenye mkutano mkuu wa wanachama, palepale bei na uzito vinaposomwa.